Karani wa Usiongeze, Usipunguze

Watu wakinisikia nikimtaja Karani, swali la kwanza huwa ni alikuwa mtu wa wapi. Hapo ndio mimi hushindwa, na si kwa sababu ya akili yangu ya form two. Hakuna mtu alijua. Kimaasai alikiongea mpaka wazee wa Bisil wakawa wanamwuliza yeye ni wa boma gani. Kikuyu alikiongea na wamama wa sokoni wakamwongezea nyanya. Kibukusu chetu alikijua kunishinda, maana mimi nakiongea kama mtu ametiwa kiazi moto mdomoni. Jumapili alikuwa anazunguka makanisa: leo kwa Wakatoliki, wiki ijayo kwa wale wa ngoma, ile ingine kwa wale hawapigi hata makofi. Jina lake la baba lilikuwa kwa kitambulisho, kitambulisho kilikuwa kwa mkoba, na mkoba ulikuwa kwapani. Basi sisi wote tulimwita Karani, hata baada ya serikali kumwondoa kwa ukarani.

Mara ya kwanza nilimwona Kajiado, kortini, miaka ya tisini. Sikuwa nimeenda kusomea sheria. Shule nilikuwa nimeacha. Form three iliniangalia, nikaiangalia, tukaachana kwa amani. Nikawa napakia mchanga kwa lori huko mtoni. Siku hiyo dereva hakuwa na kibali, tukashikwa wote, dereva na wapakiaji, na nafikiri mchanga ungekuwa na mikono nao ungetiwa pingu.

Mbele yetu kulikuwa na kesi ya mzee mchungaji aliyempiga jirani yake na rungu. Mzee aliongea Kimaasai pole pole akiangalia sakafu. Karani, mama mrefu wa sweta ya kijani ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri, akamgeukia hakimu na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nilimpiga. Nilimpiga bega, nikaona haijatosha, nikamwongezea ya kichwa."

Hakimu alikuwa mgeni hapo Kajiado. Aliacha kuandika, akamwangalia huyu mama juu mpaka chini. Korti ilicheka. Mimi nilicheka mpaka askari akanifinya. Yeye Karani hakucheka. Alikuwa anangoja mzee aendelee ili naye aendelee kumpiga jirani.

Kesi iliyofuata haikuwa na kicheko. Ilikuwa ya mama ambaye mtoto wake aligongwa na lori kwa barabara ya Namanga. Huyo mama aliongea Kikamba, akinyamaza sana katikati. Na kila akinyamaza, Karani alinyamaza vilevile, urefu uleule. Halafu akasema, "Mimi ndiye nilimtuma dukani. Chumvi ilikuwa imeisha. Mimi ndiye nilimwambia akimbie." Sauti haikutetemeka. Wakati wa mapumziko, nikipelekwa choo na askari wangu, nilimwona kwa mfereji nyuma ya korti. Alikuwa amefungua maji yote. Hakuwa ananawa uso. Alikuwa anasukutua mdomo, anatema, anasukutua tena.

Kesi yetu ilipoitwa, hata uongo nilikuwa nimepanga ulikuwa umepotea. Nikasema ukweli kwa Kiswahili changu cha mchangani, na Karani akausema kwa Kingereza, na nikasikia yule "mimi" wangu akitoka kwa mdomo wake amenyooka, amevaa viatu. Nilijipenda sana siku hiyo. Tuliachiliwa na onyo.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwa nini hakuwa anasema "mshtakiwa anasema alimpiga", ili hakimu asitishike. Alinijibu bila kuinua macho. "Ukisema 'anasema', tayari umemwita mwongo kidogo." Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake yote. Sema mimi. Usiongeze, usipunguze. Na alikuwa na ingine, alipenda kuisema akivua miwani: mdomo nimekodisha, lakini masikio bado ni yangu.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkono wa birika. Chai yake ungeona chini ya kikombe mpaka nembo ya kiwanda. Alichukia umbea, lakini kukiwa na ugomvi kwa ploti alikuwa anapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri, na ukimwangalia anasema ni mazoea ya kazi. Hakuolewa, ama aliolewa, kuna watu waliapa hili na wengine wakaapa lile, na yeye aliwasikiliza wote bila kusaidia upande wowote. Na hiki ndicho kilinishangaza zaidi: huyu mtu wa usiongeze, usipunguze, ndiye alikuja kutuajiri kuandika maneno ya kuongeza.

Serikali ilipopunguza wafanyakazi, Karani naye alipunguzwa. Alichukua kile kidogo alichopewa, akaja Kitengela wakati Kitengela inaanza kujaa watu wa kupanga, wale wa kwenda Nairobi asubuhi na kurudi jioni, akafungua saiba. Chumba kimoja, kompyuta kuukuu zilizokuwa zinapumua kama ng'ombe mgonjwa, na intaneti ya kupitia simu, ukifungua picha inakuja na nyusi kwanza. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka kwa mchanga nikaingia kwa vibarua vya mjengo, na nilienda pale kutafuta kazi ya kufagia. Alinikumbuka. Akasema, "Wewe ni Barasa, yule wa mchanga. Ulisema ukweli vibaya." Akaniajiri.

Kazi yenyewe haikuwa kufagia. Kulikuwa na mtu ng'ambo aliyekuwa na jukwaa lake la mtandaoni, mahali pa watu kubishana siasa za dunia, na halikuwa na watu. Basi alikuwa anatafuta watu wa bei rahisi wabishane ili lionekane liko hai. Ni kama vile mwenye hoteli mpya anaketisha marafiki zake mbele wakunywe chai, wapita njia wafikirie chakula ni kitamu. Hakujali nani anashinda. Alitaka kelele. Malipo yalikuwa senti, na nikisema senti sitanii. Ukiandika asubuhi yote unapata ya chapati na maharagwe, na ya soda kama umekasirika vizuri.

Tulikuwa wawili. Mimi, na kijana anaitwa Kim, ambaye watu wake walitoka Murang'a wakanunua shamba ndogo upande wa Kiserian. Kim alikuwa amemaliza form four, na hakuwa ananiacha nisahau. Mimi baba yangu alitoka Bungoma, akiwa wa mshahara kwa kiwanda cha simiti. Tulibishana juu ya vita vya nchi mbili za mbali sana, zinagombania ardhi, kila moja inasema yenyewe ndiyo ilifika kwanza. Mimi hizo nchi sikuwa nazijua hata kwa ramani. Lakini ugomvi wa ardhi na wa nani alifika kwanza, hata mtoto wa Kajiado anaujua kabla hajaota meno. Kingereza changu kilikuwa cha form two, lakini hasira ilikuwa ya chuo kikuu. Kuna mtu wa huko aliniandikia siku moja kwamba nirudi kwetu. Nikaangalia dirishani. Nikaona Kitengela, punda na mitungi ya maji. Nikamjibu kwamba nimesharudi.

Sasa Karani alileta sheria moja ambayo sijawahi kuiona mahali pengine. Kiti cha dirishani kilikuwa cha nchi moja. Kiti cha ukutani kilikuwa cha ile ingine. Asubuhi mimi dirishani, Kim ukutani. Saa ya chakula tunakula sahani moja, na tukirudi tunabadilishana viti. Kiti ndicho kilikuwa na maoni, sisi tulikuwa makalio tu. Kwa hivyo mchana nilikuwa najibu yale niliyoandika asubuhi mimi mwenyewe. Kuna siku nilijichapa vibaya hivi kwamba nilihisi uchungu nikienda nyumbani.

Nilimwuliza kama hiyo kazi si ya uongo. Aliniambia uongo ni mtu akikaa kiti kimoja mpaka asahau ni kiti. Alikuwa anasoma kila kitu tulichoandika, na akipata mahali tumemfanya mtu wa upande ule mwingine mjinga, anatufutisha. "Huyu hawezi kusema hivi," anasema. "Huyu ana watoto. Andika tena." Kwa senti. Kim alikuwa anasema huyu mama anafikiri hakimu atakuja kukagua.

Lakini nitakuambia, tulikuwa tunacheka sana. Kim alikuwa na tabia ya kumalizia kila sentensi na nukta tatu, kama mtu anakutishia lakini ameitwa na mamake. Mimi nilikuwa na tabia ya kuweka methali za nyumbani kwa Kingereza, wazungu wanabaki wakijiuliza fahali wawili wanatafuta nini kwa zizi. Alikula kwetu, nikala kwao. Binamu yangu mmoja aliyekuwa anafanya kazi mashamba ya maua alikuwa akija likizo, na yeye na Kim walikuwa wanacheza drafti mpaka mama anazima taa. Shangazi ya Kim wa Bonde la Ufa alinishonea fulana. Ilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko ule mwingine, na niliivaa hivyo hivyo.

Halafu ukaja uchaguzi ule wa mwisho wa 2007.

Sitaki kuueleza. Wenye kuueleza ni wengi. Mimi nitasema tu vile saiba ilikuwa. Hatukufungua siku nyingi. Tulipofungua Januari, watu walikuja kutafuta habari za watu wao, wakawa wanasoma wakiwa wamefunika skrini na mkono. Mimi na Kim tulisalimiana. Tulikaa. Hatukuuliza chochote, na hapo ndipo ningejua mambo yameharibika, maana sisi tulikuwa watu wa kuulizana hata rangi ya soksi. Sahani moja ikawa sahani mbili. Hakuna mtu aliitangaza, ilitokea tu.

Kazi ya vita vya mbali ilikuwa inangoja, na hakuna aliyeigusa. Kila mmoja alikuwa na mahali pengine anaandika. Kulikuwa na jukwaa la Wakenya, watu wa hapa na wa ng'ambo, kila mtu na jina la kujificha, na yale yaliyoandikwa pale sitayarudia hata kwa ulevi. Nami nilikuwa ndani. Kuna mtu mmoja hasa tulikuwa tumeshikana naye siku ya tatu. Ananitusi, namtusi. Ananiambia watu wangu ni hivi, namwambia watu wake ni vile. Na mimi nilikuwa mzuri, kaka. Nilikuwa nimefanya mazoezi miaka miwili kwa senti.

Asubuhi moja nikaandika kitu kibaya sana, nikatuma. Kwa ukuta nikasikia kompyuta ya Kim ikilia ile sauti ya ujumbe. Kim akaanza kugonga vitufe, kwa nguvu. Akatuma. Ikalia yangu. Nikasoma. Tusi lenyewe lilikuwa refu, na mwisho wake lilikuwa na nukta tatu.

Nikageuka. Kim alikuwa amegeuka tayari. Nafikiri methali zangu alikuwa amezijua kitambo.

Hatukupigana. Watu wakisikia hii hadithi wanangoja tupigane. Tulibaki tukiangaliana tu, na wateja wawili watatu waliokuwa ndani wakainua vichwa. Karani alitoka kwa meza yake, akasoma skrini ya Kim, akaja akasoma yangu. Alisoma yote, na mwendo wake ulikuwa uleule wa korti. Halafu akasema, "Badilisheni viti."

Kim alisema, "Karani, leo hapana."

"Badilisheni."

Tulibadilisha. Nilikaa kwa kiti cha Kim, kilikuwa bado na joto. Kwa kompyuta yake kulikuwa na barua ya dadake imefunguliwa. Sikutaka kuisoma, lakini macho hayana mlango. Nikaweka vidole kwa vitufe na sikuweza kuandika chochote. Karani akasema basi kama mkono umekataa, tutumie mdomo. Aliniambia nianze, na nianze na neno ninalolijua.

"Mimi," nikasema. Nikakohoa. Nilitafuta mzaha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikupata. "Mimi niko na shangazi. Anashona fulana. Nyumba yake imechomwa na mashine ikiwa ndani, na sasa analala kwa uwanja wa maonyesho, chini ya turubali. Alipotoka alibeba mkasi. Anauliza kwa nini alibeba mkasi." Hapo niliishia. Mbele kulikuwa na mengine kwa ile barua, juu ya mume wa shangazi, na sikuyasema.

"Umepunguza," Karani akasema. Lakini hakunisukuma. Alimgeukia Kim.

Kim alikuwa ameshika kichwa, macho kwa ujumbe wa nyumbani niliouacha wazi kwa kompyuta yangu. Akasema, "Mimi niko na binamu. Anacheza drafti vibaya." Akanyamaza, na Karani akanyamaza naye. "Amejificha kwa kituo cha polisi na watu wengi wa kwetu. Waliokuja kumtafuta walikuwa na mapanga, na walikuwa..." Hapo alipaswa kusema walikuwa watu gani. Neno lilikuwa moja tu, la watu wake mwenyewe, na Kim alilijua. Alisimama, akachukua jaketi yake, akatoka, na mlango ukabaki wazi.

Karani alienda nyuma. Kulikuwa na mtungi wa maji huko. Nilisikia akisukutua.

Wale wateja walikuwa na midomo pia. Jioni ploti nzima ilikuwa imejua kwamba kwa saiba kuna korti, na kwamba huyo mama anaficha watu wa upande fulani, ingawa upande wenyewe ulibadilika kulingana na nani anasimulia. Kesho yake mwenye ploti akaja. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa dirisha zake kuvunjwa. Alisimama mlangoni akizungusha funguo, akamwambia Karani kwa heshima kwamba watu wanauliza yeye ni mtu wa wapi. Akisema tu, hata kwa sauti ya chini, yeye mwenyewe atawajibu na mambo yataisha.

Mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Nilikuwa namwomba ndani ya roho aseme kitu. Kabila lolote. Alikuwa na lugha za kutosha kutetea lolote atakalochagua. Mimi ningesema hata ni Mmasai wa Bungoma.

"Waambie mimi ni wa hapa mlangoni," Karani akasema. "Wakitaka kupita, watanipata hapo."

Mwenye ploti alimwangalia kwa huruma kabisa. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi.

Siku ya kuhama, pikapu ilikuja asubuhi. Tulikuwa mimi na Karani na meza ile ndefu tuliyokuwa tunaandikia, ya mbao ngumu, na mimi nikaishika upande mmoja nikaanza kufikiria vile nitazaliwa upya niwe wawili. Upande ule mwingine ukainuka. Nilipoangalia, ni Kim. Hakusalimia. Aliinua, nikainua, tukaipitisha mlangoni kwa ubavu, kwa sababu haikuwa inapita vingine, na sisi ndio tulijua hivyo. Tulibeba kompyuta zote. Tulipomaliza alimpa Karani mkono, akaenda. Mimi hakunipa, wala sikumwomba.

Karani alienda Bisil. Saiba haikufunguliwa tena.

Nilimwona tena mwaka ule wa ukame, 2009, wakati ng'ombe walikuwa wanakufa wakiwa wamesimama. Nilikuwa na kazi mpya ya hadhi: kupandisha mbuzi kwa lori. Kutoka mchanga mpaka maneno mpaka mbuzi, na mbuzi ndio walikuwa wakaidi zaidi, isipokuwa maneno. Siku ya soko pale Bisil, kwa vumbi lile, nikaona sweta ya kijani. Alikuwa amekonda. Shingoni alikuwa amefunga leso, na mbele yake mbuzi wachache wa mifupa.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia, kama vile mtu husalimia mama kule.

Alifungua mdomo na hakukutoka sauti, ni hewa tu. Akagusa leso. Alinivuta karibu, akaniambia kwenye sikio kwamba koo imeota kitu, na daktari amesema asiongee, na kwamba kuna mnunuzi hapa tangu asubuhi anajifanya hasikii. Halafu akanong'ona, "Sema."

Mnunuzi alikuwa mtu wa kitambi na fimbo. Alitaja bei yake. Karani akaninong'oneza. Nikasimama wima.

"Mimi siwezi kuuza kwa bei hiyo," nikasema. "Hawa nimewalisha na maboksi. Mimi ni mama mzee, na nimetembea nao tangu alfajiri."

Mnunuzi aliniangalia juu mpaka chini, ndevu zangu na yote. Watu walicheka. Mimi, ambaye hucheka hata matangani, sikucheka. Nilikuwa nangoja anong'one tena.

Waliongea, yaani niliwaongelesha, mpaka mnunuzi akachoka akageuza maneno. Aliuliza huyu mama anayemsikia kwa kila lugha anayojaribu ni mtu wa wapi hasa. Karani alinivuta sikio.

"Mimi siuzwi," nikasema. "Mbuzi ndio wanauzwa."

Alinunua.

Baadaye tulikaa kwa hoteli ya mabati, akaniagizia chai, na ilikuwa na maziwa, hapo ndipo niliogopa kwamba anakufa. Alikunywa pole pole, kila funda akifunga macho. Halafu akauliza, kwa ile hewa, "Na Kim?"

Nilitaka kusema Kim yuko sawa, anasalimia. Lakini kwa huyu mtu hiyo haikuwa inapita. Nikaweka kikombe chini, nikakusanya yale nilikuwa nimesikia kwa watu.

"Mimi niko Kiserian," nikasema. "Niko na kibanda cha kutengeneza simu. Nimeoa. Shangazi yangu tunaishi naye, tulimnunulia mashine ingine lakini haishoni, anaipanguza tu vumbi. Krismasi Barasa alinipigia simu, nikashika."

Karani aliangalia ukuta vile alikuwa anaangalia ukuta wa korti.

"Hujaongeza?"

"Sijaongeza."

"Hujapunguza?"

Nje walikuwa wanapandisha mbuzi, nao wanalia. Lori langu lilikuwa linapiga honi, linanitafuta. Yeye hakuharakisha. Alinyamaza na mimi, urefu uleule niliohitaji.

"Mimi nilishika simu na sikusema kitu," nikasema. "Yeye aliongea peke yake, mizaha yake ile, mpaka pesa ikaisha kwa simu. Yale aliandika siku ile bado nayajua kwa kichwa. Sijui kama nitayasahau. Lakini sikukata."

Karani aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama vile hakimu akimaliza kuandika. Halafu akasukuma gilasi ya maji ya kusukutua kutoka upande wake wa meza, ikaja mpaka mbele yangu.